Pine za kazini, pine za nyumbani: tupunguze janti, tuongeze mpira

Leo hatusemi juu ya mishahara wala juu ya bei ya kobalti. Tunasema juu ya pine. Wengine watacheka: "Sasa pine njo habari ya kuweka ku gazeti?" Ndiyo, ni habari. Kwa sababu ya pine, makuta ya masomo ya watoto inaishia kwa kwado. Kwa sababu ya pine, mtu anabaki usiku kati ya Likasi na Kolwezi, bibi na watoto wakiwa ndani ya motokari. Na siku ingine hawabaki njiani tu: wanaingia katika mtaro.

Tunaona jambo hili kila mara, Lubumbashi, Likasi, Fungurume na Kolwezi. Baba ametumika miaka kumi na tano, amechunga feza kidogo kidogo. Ao amepata dekonti finali yake. Ao wandugu watatu wa familia moja wameunganisha mifuko. Wananunua motokari ya heshima: Land Cruiser V8, Lexus LX 570, Range Rover. Haiko mpya. Imetoka Dubai ao Ulaya, imeshuka kwa meli Dar es Salaam ao Durban, imepita Zambia, imeingia na Kasumbalesa. Inafika inang'aa, watoto wa avenue wanakimbia kuitazama. Na chini yake kuna janti kubwa, inchi 20, 21, hata 22, zimevaa pine nyembamba sawa mkaba. Mbele ya mvua moja kwisha, janti moja imepinda na pine mbili zimevimba pembeni.

Wazo letu ni moja na tunalisema wazi. Yule mwenye kuwa na motokari kubwa ya kifahari, na anatembea nayo hapa kwetu, atoe janti kubwa zile zilizokuja nayo, aweke janti ndogo zaidi na pine yenye mpira mrefu zaidi. Haiko mapambo, na haiko mambo ya vijana wa mashindano. Ni kuwapa watu wa nyumba yetu usalama uleule ambao mgodi unatupa sisi kazini.

KAZINI TUNAJUA TAYARI

Kila mtu aliyepita katika geti ya mgodi anajua kanuni: mbele ya kuwasha motokari, unaizunguka. Unatazama pine. Imekatika? Imevimba? Presha iko? Bulo zote ziko? Pine ikiwa na nundu pembeni, motokari haitoki. Hakuna kapita wa kukubali, na hakuna shofere wa kubishana. Kanuni ile haikuandikwa kwa kupendezesha karatasi. Iliandikwa kwa sababu watu walikufa.

Tutazame tena mashine zenyewe. Dampa ya Caterpillar 777, ile ya kubeba tani 90 na zaidi za mawe, inavaa pine ya kipimo 27.00R49. Maana yake janti yake ni inchi 49, karibu meta 1 na sentimeta 24. Lakini pine yote, kutoka chini mpaka juu, inafika karibu meta 2 na sentimeta 70. Toa janti katikati, uone: kila upande kuna mpira wa zaidi ya sentimeta 70. Mashine inayopita juu ya mawe kila siku, wenye kuitengeneza waliipa mpira mrefu, hawakuipa chuma kirefu.

Pick-up ya Land Cruiser ya mfano wa 79, ile inayobeba timu kila asubuhi, iko vilevile. Janti yake ni inchi 16 tu. Pine yake ya 225/95R16 ina ukuta wa milimeta 214. Hakuna mtu anaiita motokari ya kifahari, lakini jioni inarudisha watu wote waliotoka nayo asubuhi.

Makampuni ya migodi yana makuta. Kama janti 22 zingekuwa zenye nguvu kwa njia zetu, wangezinunua. Wamehesabu, wamechagua mpira. Sasa tunauliza: kwa nini mtu yuleyule, ambaye siku ya kazi anakataa kutoka na pine yenye nundu, siku ya posho anaweka watoto wanne nyuma, mama mbele, na magunia ya unga wa mahindi mu kofre, na anaenda Kolwezi juu ya pine ambayo kazini ingemrudisha nyumbani?

KUSOMA NAMBA ZA PINE

Wengi wetu tunanunua pine kwa macho. Tujifunze kusoma, maana yote imeandikwa pembeni. Chukua pine ya Range Rover, 275/40R22. Namba ya kwanza, 275, ni upana kwa milimeta. Namba ya pili, 40, haiko milimeta: ni sehemu ya upana kwa mia moja. Ukuta wa pine ni 40 kwa 100 ya 275, ni kusema milimeta 110. Namba ya mwisho, 22, ni janti kwa inchi, na inchi moja ni milimeta 25.4.

Unataka urefu wa pine nzima? Chukua ukuta mara mbili, uongeze janti. Hapa ni 220 na 559, jumla 779. Mpe mtoto wako wa sekondari karatasi na bik, atakuhesabia mbele ya chai kupoa. Ni hesabu ya dakika mbili, lakini inaweza kukuchungia feza ya mwezi mzima.

Kisha kuna namba na herufi za nyuma. Namba ni ya uzito: 112 maana yake pine moja inabeba kilo 1120, na 116 ni kilo 1250. Herufi ni ya mbio: S ni kilometa 180 kwa saa, T ni 190, H ni 210. Na mahali palipoandikwa DOT, tafuta namba nne za mwisho. Ukiona 2319, pine ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Namba hizi nne zina maana kubwa hapa kwetu, kwa sababu pine nyingi za okazio zinazouzwa kando ya barabara zimepakwa rangi nyeusi, zinang'aa sawa mpya, kumbe mpira umezeeka. Rangi inaweza kudanganya, lakini tarehe haidanganyi. Pine ya miaka 10, hata kama meno yake bado marefu, si ya kupandishia mtu.

SHIMO LINAFANYA NINI

Motokari inasimama juu ya hewa. Pine ikiingia katika shimo, ukingo wa shimo unasukuma mpira juu, kuelekea janti. Ukuta ukiwa mrefu, hewa na mpira vinameza pigo. Ukuta ukiwa mfupi, mpira unabanwa kati ya ukingo na chuma, sawa kidole kati ya mlango na kizingiti. Nyuzi za ndani zinakatika. Siku ile unaweza usione kitu. Unashuka, unatazama, unasema: "Mungu ametusaidia", unaendelea.

Kisha, siku chache nyuma, nundu inatokea pembeni. Hewa imepata mahali nyuzi zimekatika, inasukuma mpira nje. Ile nundu haiponi. Kwado hawezi kuishona, na kitambaa cha ndani hakiwezi kurudisha nyuzi. Inangoja vitu vitatu: joto, mzigo na mbio. Sasa fikiri njia ya Likasi na Kolwezi mwezi wa kumi, gudroni inawaka, motokari imejaa, nyuma yako kuna kamio ya kubeba shaba inataka kupita. Vitu vyote vitatu viko pale.

Tuongeze mvua. Kutoka mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu, shimo linajaa maji, linafanana na njia. Haulioni mpaka uko ndani. Wakati wa kiangazi ni mawe makali ya laterite katika deviasio, na vumbi la kamio ya mbele linafunika kila kitu. Majira yote mawili, ukuta wa milimeta 110 hautoshi kwa motokari ya tani 2 na nusu.

Na janti iliyopinda inakwenda wapi? Inakwenda kwa fundi wa kuipiga nyundo juu ya moto, ao wa kuishona na soda. Janti nyingi za kifahari ni za alumini. Ikipata ufa na ikashonwa, ufa unaweza kurudi palepale, na hautakupigia simu mbele ya kurudi.

WENYE KUTENGENEZA WANATUPA USHAHIDI

Kuna neno tunalolisikia sana: "Ukitoa janti zake, unaharibu motokari. Bazungu ba ku usine balijua." Ni kweli walijua. Kwa hiyo tutazame walifanya nini.

Lexus LX 570 na Land Cruiser 200, ile tunayoiita V8, zimezaliwa nyumba moja ya Toyota. Chini ni ndugu. Zote mbili zina bulo tano zilizopangwa kwa duara la milimeta 150. Lexus, ya kwenda mbele ya hoteli, walikuwa wanaipa janti 20 na pine 285/50R20, na nyuma, mwaka 2016, hata 21. Ukuta wa ile ya 20 ni milimeta 142. Land Cruiser 200 walikuwa wanaipa janti 18 na pine 285/60R18, ukuta milimeta 171. Na ile ya kazi, isiyo na mapambo, ya kwenda njia mbaya, walikuwa wanaipa janti 17 na pine 285/65R17, ukuta milimeta 185.

Kiwanda ni kimoja na mwili wa chini ni mmoja. Kadiri njia inavyokuwa mbaya, janti inapungua na mpira unaongezeka. Urefu wa pine nzima haubadiliki sana: milimeta 793 kwa ile ya 20, 799 kwa ile ya 18, 802 kwa ile ya 17. Ukitoka 20 ukaingia 18, tofauti haifiki hata 1 kwa 100. Saa ya mbio inabaki karibu sawa, gia zinabaki sawa. Lakini kila upande umeongeza karibu sentimeta 3 za mpira kati ya chuma na shimo.

Range Rover ni vilevile. Ile iliyotoka mwaka 2012 mpaka 2021 iliuzwa na janti 19, 20, 21 na 22. Ile ya 22 tumekwisha kuihesabu: ukuta 110, pine nzima 779. Ile ya 20 ni 255/55R20: ukuta 140, pine nzima 788. Kwa hiyo mwenye Range Rover ya janti 22 anayeshuka mpaka 20 haasi kiwanda. Anachagua tu pine ingine ambayo kiwanda chenyewe kiliiandika.

NAMNA YA KUCHAGUA

Tusitoke hapa na wazo bila njia ya kulifanya. Haya njo mambo ya kutazama.

Kwanza, freni. Janti kubwa zinaacha nafasi kwa freni kubwa. Ukishuka sana, janti inagonga freni. Kwa Lexus LX 570, janti 18 za Land Cruiser 200 ni njia salama. Janti 17 si za kununua mbele ya kuzijaribu, hasa kwa motokari za kutoka 2016, maana katika masoko mengine freni za mbele zilikuzwa. Kwa Range Rover ya V8 yenye kompresa na freni kubwa, usishuke chini ya 20 bila kupima. Kupima ni rahisi: fundi anaweka janti bila pine, anaizungusha kwa mkono, anaona kama inapita.

Pili, bulo. Janti yenye matundu matano haitoshi kuwa na matundu matano. Duara liwe lilelile: 150 kwa Toyota hizi, 120 kwa Range Rover ile. Tundu la katikati lishike vizuri, na ekru ziwe za janti ile. Ekru ya uso wa bapa na ekru ya uso wa koni haziwezi kubadilishana. Fundi akikuambia "Tutaikaza tu, itashika", chukua funguo yako, uende. Na nyuma ya kilometa 50 ao 100 za kwanza, ekru zikazwe tena.

Tatu, uzito. Namba ya kubeba isishuke chini ya ile ya pine zilizokuja na motokari. Kama zamani ilikuwa 112, usikubali 106 kwa sababu bei ni nzuri. Motokari hizi ni nzito mbele hata ya kupakiza.

Nne, pine zote ziwe sawa. Land Cruiser 200 na LX zinavuta miguu yote minne kila wakati. Ukiweka mbili za kipimo kimoja na mbili za kipimo kingine, vyuma vya kugawa nguvu vinapigana vyenyewe kwa vyenyewe mpaka vinakwisha. Na sekuru iwe ya kipimo kilekile. Wengi wanabadilisha nne, wanasahau ya tano. Siku pine inapasuka mbali na mji, njo wanakumbuka.

Tano, presha. Ipimwe asubuhi, pine ikiwa baridi, kwa namba ya kibandiko cha mlango wa shofere. Haisaidii kitu kuwa na ukuta mrefu wenye hewa kidogo. Pine yenye presha chini inajikunja, inapata joto, inakufa kutoka ndani. Kwa macho hauwezi kuona. Kifaa cha kupima kinaingia mu mfuko wa shati.

TUSIPITE KIPIMO

Kuna wengine wanasikia "ongeza mpira", wanakwenda mpaka mwisho. Wanataka pine za matope zenye meno makubwa, motokari inyanyuke sawa trakta. Hapo hatuko pamoja nao.

Tuhesabu. Kwa janti 18, pine ya 285/65R18 ina urefu wa milimeta 828. Ukilinganisha na 793 za mwanzo, motokari inanyanyuka milimeta 17 tu, kwa sababu nusu moja ya nyongeza iko juu na nusu ingine iko chini. Lakini saa ya mbio ikionyesha 100, wewe uko karibu na 104. Ukienda mpaka 275/70R18, urefu ni 842, unapata milimeta 25 chini, na kwenye 100 uko 106. Injini inavuta mzigo zaidi, freni zinakamata kazi zaidi, mafuta yanakwenda zaidi. Volani ikigeuzwa mpaka mwisho, mpira unaweza kusugua ndani ya matopoo. Na LX na Range Rover zina suspansio ya kushuka: pine inayopita wakati motokari imesimama juu inaweza kugusa wakati imeshuka na imejaa watu. Mtu akitaka kuongeza hivyo, apime motokari ikiwa chini kabisa na ikiwa na mzigo.

Meno makubwa ya matope ni mazuri katika matope. Lakini wengi wetu tunatembea zaidi juu ya gudroni na laterite ngumu. Pale meno yale yanapiga kelele, yanakwisha mbio, na juu ya gudroni yenye maji hayashiki vizuri. Pine ya kati, ya njia zote mbili, inatosha.

Tuseme na ukweli mwingine. Ukuta mrefu unafanya motokari iyumbe kidogo zaidi katika kona, na volani inajibu taratibu kidogo. Mtu wa kukimbia 160 ku njia laini ya Ulaya ataona tofauti. Lakini ni nani kati yetu iko na njia ya kukimbia 160? Na kama iko nayo, ni nani alimwambia akimbie?

HESHIMA IKO WAPI?

Tunajua shida kubwa haiko hesabu. Shida ni macho ya watu. Mtu ameteseka chini ya ardhi ao juu ya mashine miaka mingi, anataka waone amefika. Janti kubwa inang'aa ku lango la kanisa, inang'aa ku ndoa. Akiweka janti ndogo, jirani atasema: "Makuta imemwishia." Hatuchezi na maneno haya. Katika miji yetu, heshima ya mtu wa kazi si kitu kidogo, na hakuna mtu ana haki ya kumcheka mchimbaji anayependa kitu kizuri.

Lakini tutazame heshima ile inakaa muda gani. Inakaa mpaka shimo la kwanza. Kisha motokari ya heshima inasimama mwezi moja ku parsele juu ya matofali, ikingoja pine ya 22 itoke Lubumbashi ao mbali zaidi, na watu wanapita wanaitazama. Pine za janti 17 na 18 ni rahisi zaidi kupata, kwa sababu motokari nyingi za kazi na za familia zinazitumia. Hata kwado wa kijijini amekwisha kuzishika mkononi.

Na wale wanaosema hawana feza ya kubadilisha, tunawajibu: janti kubwa zina soko. Kuna vijana mu mji wanatoa janti 18 za kiwanda mu V8 yao juu wanataka zile za 20 na 22. Bakutane na weye, mubadilishane. Kila mtu anarudi na furaha yake, wewe unarudi na mpira. Ila jihadhari na janti za kuiga, za bei ya chini, zisizo na alama ya uzito. Janti ya kiwanda iliyotumika lakini nzima inapita mpya ya kuiga.

Wakongwe wetu wanakumbuka mwaka 2003, wakati watumishi zaidi ya elfu kumi waliondoka Gécamines na dekonti mkononi. Kati yao kuna waliotia feza ile mu motokari, wakitumaini itawalisha. Feza ya namna ile inakuja mara moja katika maisha. Motokari iliyonunuliwa nayo haiko chombo cha kucheza. Ikivunjika, hakuna dekonti ya pili.

NA BARABARA?

Kuna msomaji atatuambia: "Munatuambia tubadilishe pine, mbona hamuambii wakubwa wabadilishe barabara?" Swali ni zuri, na hatulikimbii. Kila mara tunatoka Lubumbashi tunalipa peaji, na kamio zinazobeba utajiri wa nchi yetu kwenda Kasumbalesa zinalipa pia. Anayelipa njia ana haki ya kupata njia. Shimo lililokaa miezi katikati ya gudroni ya peaji ni deni, na deni linadaiwa. Tuendelee kulidai, ku mikutano ya sendika, ku mitaa, mbele ya wale tuliowachagua.

Lakini kudai barabara haikatazi kujilinda. Mchimbaji anadai mgodi usalama, na wakati uleule anavaa kofia yake ngumu. Hasemi: "Nitavaa siku wametengeneza paa lote." Anavaa leo, kisha anadai. Pine yenye mpira mrefu ni kofia ya motokari.

Kwa hiyo, ndugu, mbele ya kununua, uliza juu ya pine kama unavyouliza juu ya injini. Weka bei ya janti na pine ndani ya bei ya motokari, usiiache ikuje nyuma kama mgeni asiyealikwa. Na ninyi mama, mnaochunga feza ya nyumba na mnaokaa kiti cha mbele, msiseme haya ni mambo ya wanaume. Ulizeni: ukuta wa pine hii ni milimeta ngapi? Tarehe yake ni gani? Sekuru ni ya kipimo gani? Mwanaume akikosa jibu, safari ingoje kesho.

Siku ya kwanza ku mgodi, kila mmoja wetu aliambiwa: kazi nzuri ni ile unarudi nayo nyumbani mzima. Motokari nzuri pia ni ile inarudisha mtu nyumbani. Jumamosi hii, mbele ya kuwasha, tuzunguke motokari zetu vile tunazunguka zile za kazi. Tukikuta pine ambayo getini wangeikataa, tuikatae sisi pia.